Kudos kwa wote ni ya nani?

Siku hizi kazi yoyote ikiisha ofisini, lazima atokee mtu arushe neno moja la Kiingereza kwenye kundi la WhatsApp: kudos, yaani hongera. Nyuma yake vinafuata viganja vya makofi, kisha dolegumba za watu ambao hata hawajui kilichofanyika. Neno lenyewe nalipenda. Ni fupi, lina mlio mzuri. Tunavyolitumia ndiko kunakonikera.

Kwanza niwamalize wanasarufi, maana hao hawakosekani. Kudos ni Kigiriki, na ile s ya mwisho ni ya neno lenyewe, haina habari na wingi. Kiingereza kililipata mwanzoni mwa karne ya 19 kama neno la kijiweni la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza, enzi ambazo kijana wa chuo alikuwa akimezeshwa Kigiriki apende asipende. Waliokuja baadaye wakaisikia s, wakadhani ni wingi, na kufika miaka ya 1920 Wamarekani walikuwa wameshachonga umoja wake: kudo. Wapo wanaotokwa povu kwa hilo mpaka leo.

Mswahili hana uso wa kuwacheka. Kitabu kilitujia kutoka Kiarabu, ki- yake ikiwa ni sehemu ya mzizi. Sisi tukaiona ni ngeli yetu, tukapata vitabu. Mzunguko wa barabarani wenye amri ya keep left ukatupa kipilefti, na vipilefti vikafuata. Madigadi je? Mwingereza alisema mudguard, kimoja tu. Leo fundi baiskeli atakuuliza ni digadi ya mbele au ya nyuma iliyopinda, na hakuna wa kumsahihisha. Kwa hiyo anayetaka kusema kudo na aseme. Mimi silitumii, lakini hiyo ni ladha tu.

Turudi kwenye matumizi. Katika Iliad, utenzi wa vita vya Troy wa Mgiriki wa kale Homer, kudos ni utukufu ambao mungu humpa mpiganaji pale pale vitani. Zeus, mkuu wa miungu, akiamua siku hiyo ni ya Hector, shujaa wa Troy, basi ni ya Hector, na adui wanaiona kwa macho yao. Zile sifa zinazoenea baadaye kwa nyimbo zina neno lake lingine, kleos. Yaani kudos ilikuwa na mwenyewe. Hata Kiingereza cha leo kimeliwekea nafasi mbili za kujazwa: kwa nani, na kwa lipi. Sisi tunaziacha wazi zote.

Kuna mhasibu mmoja ninayemfahamu. Wakaguzi walipokaribia, alikaa mpaka usiku akipanga risiti za mwaka mzima, na ile ya dizeli iliyokuwa ikisakwa na kila mtu akaikuta imenasa nyuma ya droo. Ukaguzi ukapita bila hoja. Bosi akaandika: “Kudos team!” Waliokuwa likizo wakawa wa kwanza kushukuru. Naye akaandika “Ahsante bosi”, jina lake likapotelea katikati ya dolegumba.

Kwetu sifa haikuzoea kwenda namna hiyo. Kwenye taarabu, aliyeguswa na ubeti huinuka kitini, akajongea mpaka mbele kwa madaha, akamtunza mwimbaji noti hadharani, na ukumbi mzima ukajua nani kamtunza nani (na mara nyingine ukajua pia anayepigwa kijembe, ila hayo ni ya siku nyingine). “Pole na kazi” huambiwa aliyeshika jembe, si mwenye shamba aliyekaa kivulini. Na mtu ukimpa hongera asiyoitarajia, atakuuliza papo hapo: “Ya nini tena?” Swali hilo sijawahi kuliona likiulizwa chini ya kudos hata mara moja.

Najua utetezi wa mabosi: ukimtaja mmoja, wengine watanuna. Sawa, watanuna. Lakini yule aliyekesha naye ananuna, ila yeye hufanya hivyo kimyakimya, na mwakani saa kumi na moja jioni ikigonga anachukua mkoba wake anaondoka. “Dada mhasibu, kudos kwa kuifukua ile risiti ya dizeli” ni ujumbe usiomaliza hata nusu dakika kuuandika. Ukiongezewa na nauli ya usiku ule, itapendeza zaidi.