Kompaila haiijui Ubuntu

Andika `gcc -dM -E - < /dev/null` kwenye mashine ya Linux na GCC, kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa programu, itakumwagia makro zote ilizozaliwa nazo (majina ambayo hubadilishwa kwa thamani zake kabla ya kukompaili), mamia kwa mamia. `__linux__` imo, `__x86_64__` imo, hata `linux` tupu imo. (Hii ya mwisho ni balaa: thamani yake ni 1, kwa hiyo andika `int linux = 5;` na GCC itaisoma `int 1 = 5;`, kisha ikugombeze wewe.) Makro ya distro, yaani toleo la Linux kama Ubuntu au Debian, hutaipata hata ukitafuta kwa tochi.

Wapo wanaoiona hiyo kuwa kasoro, na hoja yao si ya kupuuzwa. Shahidi wao mzito ni kampuni ya Red Hat, yenye distro yake iitwayo RHEL. RHEL 8 hutumia kerneli (kiini cha mfumo) 4.18, lakini Red Hat huingiza humo mabadiliko yaliyotoka kwenye kerneli za baadaye. Mwandishi wa draiva (programu inayoendesha kifaa ndani ya kerneli) akipima `LINUX_VERSION_CODE` anaambiwa 4.18, anaita funksheni kwa mtindo wa zamani, kumbe vigezo vyake vilishabadilishwa. Ndiyo maana Red Hat wameweka `RHEL_RELEASE_CODE` ndani ya `linux/version.h`. Hapo jina la distro lina kazi, kwani draiva inakompailiwa kwa ajili ya kerneli ile ile itakayoibeba. Ila makro hiyo inatoka kwenye faili la kerneli, kompaila haihusiki.

Kwa programu za kawaida naegemea upande wa kompaila. Makro huamuliwa siku ya kukompaili. Ukijengea Ubuntu, mteja akaendesha faili lile lile kwenye Debian, `#ifdef` yako (sharti linalopima kama makro ipo) itaendelea kuapa kwamba iko Ubuntu. Anayetaka kujua yuko wapi asome mstari wa `ID=` ndani ya `/etc/os-release`, programu ikiwa tayari inafanya kazi.

Tena mara nyingi anayeuliza distro ana shida nyingine kabisa. Anataka kujua kama faili fulani la `.h` lipo: kuna `__has_include`. Anataka kujua kama maktaba ya C ni glibc: `features.h` itampa `__GLIBC__`. Distro ya Alpine hutumia musl, maktaba nyingine ya C, na watunzi wa musl wamekataa makusudi kuweka `__MUSL__`. Wanataka upime uwezo, usiulize jina. Msimamo huo naukubali, ingawa umewahi kuniudhi: nilitaka tu kuitambua musl, nikaishia kuandika `#ifndef __GLIBC__`, sharti ambalo hata Mac inalitimiza.