Si elimu tu inayokosekana
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema wanawake wa Tanga hawaendi kupimwa hatari yao ya saratani ya matiti kwa sababu hawana elimu. Hapo sikubaliani naye. Huku kwetu Ngamiani wengi wanajua habari za uvimbe, matangazo ya kila Oktoba wameyasikia. Kinachowazuia ni hofu ya majibu, na nauli ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, majibu yakiwa mabaya. Halafu kuna siri za ukoo. Daktari akikuuliza nani kwenu aliwahi kuugua, utajibu nini ikiwa shangazi alizikwa na watu wakaambiwa lilikuwa jipu tu? Na shangazi huyo anahesabika sana, maana hitilafu za jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazoongeza sana hatari ya saratani ya matiti, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, jambo ambalo makala haikuligusa kabisa. Mimi nilikwenda kwa kuwa dada yangu mkubwa alinishika mkono tukaenda wote, wala si bango la ukutani. (Ingawa wengi wanaougua hawana mgonjwa yeyote katika ukoo, kwa hiyo asiye na historia hiyo asijione yuko salama.) Akina mama wenzangu wa Tanga, ninyi nani aliwasukuma kwenda?