Kiambatisho A: Bia, Kreti Thelathini

Katika ukoo wetu katibu hachaguliwi kwa hekima. Anachaguliwa mwenye laptop. Ndivyo nilivyojikuta, mwaka wa tatu huu, naandaa ripoti ya kikao cha Desemba kule Kibosho, wakati kila Mchaga mwenye nauli amesharudi mgombani na Noah zinapanda kutoka Moshi mjini zimebeba watu mpaka kwenye buti.

Safari ile ajenda nzito ilikuwa moja: mfongo. Mfereji wetu wa tangu enzi za mababu, unaoshusha maji vihambani, ulikuwa umebomoka sehemu mbili, na ukoo ulikuwa umechanga. Benki kulikuwa na shilingi 3,640,000. Babu, ambaye ndiye mwenyekiti, aliniagiza kwa simu: "Taarifa ya benki iwe ndani ya ripoti. Sitaki vikaratasi vya pembeni. Ndani."

Sasa taarifa ya benki ilikuwa PDF, na ripoti yangu ilikuwa Word.

Nilianza mwenyewe nyumbani, Pasua. Nikaingia Insert, nikachagua Object, nikalitafuta faili, nikabonyeza OK kwa madaha. Kikatokea kialama kidogo kama stempu ya posta, chini yake jina la faili. Nikikibonyeza mara mbili, taarifa inafunguka vizuri kabisa, ila pembeni. Wazee wa Kibosho nitawaambia wabonyeze karatasi mara mbili? Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba laptop yangu inafungulia PDF kwenye kivinjari cha intaneti, na kivinjari hakiwezi kuipa Word sura ya ukurasa. Kinatoa kialama tu, basi.

Nikajaribu kuifungua PDF yenyewe ndani ya Word. Word za kuanzia 2013 zinakubali, lakini zinaibomoa PDF na kuijenga upya iwe maandishi ya kawaida. Barua inaweza kutoka salama. Jedwali la benki, thubutu! Safu ya fedha zilizoingia ilihamia kwenye zilizotoka, tarehe zikakaa penye salio. Kwa mujibu wa ukurasa ule, shangazi yangu wa Himo, aliyechanga laki mbili kwa tabu, alikuwa ametuibia laki mbili.

Tarehe 23 nikaenda steshenari moja jirani na stendi. Dogo wa pale ana mikono miwili na wateja tisa. Akanitazama kwa huruma. "Hii ndogo, braza." Kompyuta yake ilikuwa na programu kamili ya kusomea PDF, kwa hiyo ukurasa ulitokea. Mmoja. Taarifa ilikuwa na kurasa tatu, na salio liko ukurasa wa tatu.

"Ikiingia hivi inaonyesha wa kwanza tu," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Basi akaniletea ufumbuzi ambao mpaka leo nikiukumbuka najishika kichwa: tuuchapishe ukurasa wa tatu, halafu tuuskani. Yaani PDF tuitoe kwenye karatasi ili tuirudishe kuwa PDF. Skanna ikaguna, ikatema faili kwenye kompyuta, jina lake scan0001. Akaliingiza kwenye ripoti, na safari hii akaweka tiki penye Link to file, eti ripoti isiwe nzito. Salio likaonekana, jeusi, linasomeka hata na kipofu. Kabla hatujachapisha, umeme ukakatika.

"Njoo kesho asubuhi, braza, utakuta nakala arobaini zimebaindiwa."

Kesho yake nikazikuta kweli, bado zina joto. Nikakagua jalada: picha ya Kibo imetoka vizuri, theluji nyeupe. Nikakagua jina langu: halijakosewa. Nikalipa, nikaondoka.

Kikao kilikuwa tarehe 27. Viti vya plastiki chini ya migomba, mbege inazunguka, harufu ya mtori inatoka jikoni. Baba mdogo, mwalimu mstaafu anayesoma hata namba za kurasa, akapewa kazi ya kusoma kwa sauti. Alisoma mahudhurio, akasoma mihutasari, akafika.

"Kiambatisho A. Taarifa ya fedha za mfongo." Akanyamaza. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. "Bia. Kreti thelathini."

Kata ya mbege iliyokuwa njiani kuelekea mdomo wa mjomba ilisimama hewani.

"Ndafu, wawili. Keki, ngazi tatu. MC na muziki. Mapambo ya ukumbi, zambarau na dhahabu." Akafungua ukurasa wa nyuma kuona kama kuna saruji. Hakukuwa na saruji. "Jumla kuu, milioni tatu na laki sita."

Mjomba ndiye aliyewahi kwenye hesabu. "Kwa hiyo mfongo umebakiwa na elfu arobaini."

"Mimi sikupewa hata soda," akasema shangazi wa Himo.

Nikachomoa simu, nikafungua taarifa halisi, nikampelekea Babu mkononi. Hakuitazama. "Kwenye simu hizo hizo," akasema, "wiki iliyopita nilionyeshwa simba anaendesha bodaboda."

Ikabidi nimpigie dogo wa steshenari, spika imewashwa, ukoo mzima umeinama.

"Ahaa, braza! Ulipoondoka umeme ulirudi, akaja mama mmoja kuskani bajeti ya send-off. Mashine ikauliza ifute scan0001 ya mwanzo, nikasema sawa. Asubuhi nikafungua ripoti yako, ikauliza isasishe viungo, nikasema sawa. Nikaprinti."

"Huyu kijana anasema sawa kwa kila kitu?" Baba mdogo akauliza.

"Sawa, mzee," simu ikajibu.

Nilijaribu kuwaeleza. Ukiliunganisha faili, karatasi haiingii ndani ya ripoti. Ripoti inashika tu njia ya kuifuata ilipo. Ni kama kumwambia mtu nenda nyumba ya kona utamkuta mjomba, kumbe mjomba amehama na pale pamekodishwa kwa watu wa harusi. Atagonga, atapokelewa, atakula. Vijana walicheka. Wazee walitaka karatasi.

Nikashuka mjini saa ile ile, kwa nauli yangu. Kurasa zote tatu nikazigeuza kuwa picha, nikaziingiza kwenye ripoti kama mtu anavyoweka picha ya ubatizo. Picha haina mahali pa kwenda kuulizia. Nilitoa nakala arobaini nyingine, na kila moja niliifungua Kiambatisho A kwa mkono wangu, dogo ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Nilirudi giza limeingia. Shangazi alinisubiri kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la isale, akaniwekea mkononi bila neno. Kwetu anayekujia na isale kuomba radhi humrudishi. Nikaingia nalo, nikampa Babu kwa mikono miwili. Akalipokea, akaipokea na ripoti, akaliangalia salio kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali.

Nikanyoosha mkono nichukue nakala yake ya zamani nikaichome pamoja na zile nyingine. Ukurasa wa kiambatisho ulikuwa umeshachanwa. Alikuwa ameukunja mara nne, uko mfuko wa ndani wa koti.

"Hiyo send-off," akaniuliza kwa sauti ya chini, "wamesema ni lini?"