Mkulo: Marufuku Imeuzuia Msumeno, Haijaurudisha Mti

Sugua jani la mkulo kiganjani, harufu ya kafuri itakupanda puani papo hapo. Ni ndugu wa mdalasini na mparachichi, wa kijani mwaka mzima, mkazi wa misitu yenye mvua nyingi ya Usambara, Kilimanjaro, Aberdare na Mlima Kenya. Wakikuyu huuita muthaiti. Mchwa hawaziwezi mbao zake, na sifa hiyo ndiyo iliyouponza.

Tanzania ilizuia uvunaji katika msitu wa asili wa Kilimanjaro mwaka 1984. Kenya ilifuata mwaka 1986 kwa misitu yake ya asili. Hata hivyo, ukaguzi wa kutoka angani uliofanywa Mlima Kenya mwaka 1999 ulihesabu zaidi ya mikulo 6,700 iliyokatwa kinyume cha sheria.

Wanaotaka marufuku ilegezwe husimamia hapo. Wanasema inamnufaisha mwizi, huku mwanakijiji wa kando ya msitu akiambulia patupu. Apewe leseni na mgao, ataulinda mti kama shamba lake. Kwa msaji au mkaratusi ningekubali, maana aliyepanda anaweza kuvuna. Mkulo una maumbile mengine. Mbegu zake nyingi huharibiwa na wadudu kabla hazijakomaa, kwa hiyo mti hutegemea zaidi machipukizi ya mizizi na visiki. Mkubwa ukiangushwa, jua linamwagika chini, na miti inayokua haraka kama makaranga inawahi nafasi. Palipokatwa sana zamani, miongo kadhaa baadaye mkulo bado ni haba.

Watetezi wa marufuku nao nina neno nao. Ni kweli ulinzi ulifaa: mwaka 2000 msitu wa Mlima Kenya uliwekwa chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, na ukaguzi uliofuata ulionyesha ukataji umepungua sana. Lakini askari huzuia shoka tu. Hawezi kuotesha mti usiozaa vizuri wenyewe. Kufunga lango na kungoja ni kuuachia makaranga msitu.

Hivyo mgao ninaouunga mkono ni wa ujira: wanavijiji walipwe kwa kukuza machipukizi vitaluni, kuyarudisha palipokatwa, kuyapalilia na kuyahesabu kila mwaka. Leseni ya msumeno ingoje hadi mikulo hiyo iwe na machipukizi yake.