Mafuta ya karafuu na kinga ya maradhi ya kuhara

Katika Kiwanda cha Makonyo kilichopo Wawi, Pemba, mvuke hupitishwa kwenye vikonyo vya karafuu, kisha hupozwa hadi mafuta yajitenge na kuzama chini, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo eujenoli. Watu wa pwani wameyajua siku nyingi kwa kutuliza maumivu ya jino, lakini sasa wapo wanaoyapigia debe kuwa kinga ya maradhi ya kuhara: matone mawili matatu kwenye glasi ya maji kila asubuhi, basi bakteria hawapati nafasi. Dai hilo halifai kupuuzwa, wala halifai kupokewa lilivyo.

Wanaolitetea wana hoja ya kweli. Eujenoli, kama ilivyo kemikali za thaimoli na karvakroli zipatikanazo katika majani ya viungo ya thaimu na oregano, huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Kwa hiyo hujipenyeza kwenye utando wa seli ya bakteria, ambao nao umejengwa kwa mafuta, na kuulegeza hadi potasiamu na nishati ya seli vikavuja nje. Katika maabara, bakteria wa matumbo kama Escherichia coli na Salmonella hufa kwa namna hiyo, na matokeo hayo yamepatikana tena na tena katika nchi mbalimbali. Wakati huu ambapo usugu wa vimelea dhidi ya viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, unazidi kuenea, kitu kinachoshambulia utando wenyewe kinastahili kuchunguzwa kwa bidii, tena zaidi kikiwa ni zao la visiwa vyetu.

Matatizo huanza mafuta yanapomezwa. Sehemu kubwa ya eujenoli hufyonzwa tumboni na mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ikaingia kwenye damu na kushughulikiwa na ini, hivyo inayofika utumbo mpana, ambako bakteria wa kuhara damu hufanya makao, ni kidogo mno. Njiani, mafuta na protini za chakula nazo huidaka na kuipunguzia makali. Isitoshe, bakteria wengi wa matumbo, wakiwemo wa kipindupindu, wana tabaka la ziada la nje linalowakinga kwa kiasi fulani. Kwa kuwa eujenoli hupungua hivyo njiani, kipimo kilichotosha maabara hakitoshi mwilini, na anayetaka matokeo yaleyale hulazimika kuongeza.

Kuongeza huko ndiko kunakonitia hofu. Mwaka 1982 kamati ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) ilikadiria kuwa mtu anaweza kula hadi miligramu 2.5 za eujenoli kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maisha yake yote, bila madhara. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni miligramu 25, ilhali tone moja la mafuta ya karafuu lina takriban miligramu 40 za eujenoli. Kupita kiwango hicho siku moja si sawa na kunywa sumu, lakini dai lenyewe linasema kila asubuhi. Tena mafuta hayo hayachanganyiki na maji. Hukaa matone matone kwenye glasi, na anayekunywa funda la mwisho huyapata yote pamoja. Watoto waliomeza kijiko kimoja au viwili wamewahi kupata degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi-chumvi na zinki, na kila saa inayopotea kwa kumjaribishia matone humzidishia upungufu wa maji.

Kwa kuku, hata hivyo, mizani inabadilika. Tangu Januari 1, 2006, Umoja wa Ulaya ulipokataza viuavijasumu vya kukuzia mifugo, watengenezaji wa chakula cha kuku wamekuwa wakiyafunika mafuta haya kwa tabaka jembamba la mafuta mengine ili yasifyonzwe mapema, yafike utumboni walipo bakteria kama Clostridium perfringens, wanaowaletea kuku ugonjwa wa utumbo. Matokeo yanapingana: baadhi ya majaribio yameonyesha vifaranga wakikua vizuri na bakteria wakipungua, mengine hayakuona tofauti yoyote. Hata hivyo, huku ndiko ningependa kuona fedha na utafiti vikielekezwa, kwa kuwa mfugaji anayepunguza viuavijasumu bandani hutusaidia sote. Jaribio la namna hiyo likifanyika Unguja au Pemba, lingehitaji kundi la vifaranga wanaokula chakula kilekile bila mafuta, na kila pipa la mafuta lipimwe eujenoli kabla ya kuchanganywa, maana kiasi chake hutofautiana kati ya karafuu zenyewe, makonyo na majani.