Vinyago vya pangoni na hesabu ya miaka 100

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo hainitoki kichwani kila nikiona watu wanabishana kuhusu sheria na mambo ya kale. Mwanzoni mwa miaka ya 70 huko Arizona, jamaa mmoja aliingia kwenye pango ndani ya ardhi ya Waapache wa San Carlos, moja ya makabila ya wenyeji wa asili, akabeba vinyago vya kuvaa usoni. Viliachwa pale na mganga wao baada ya ibada, maana kwa desturi yao vitu hivyo vikishatumika vinapelekwa mahali pa mbali na hakuna mwingine wa kuvigusa, na kuvitoa nje ya ardhi yao ndo kabisa hairuhusiwi. Akashtakiwa kwa sheria ya mambo ya kale ya 1906, ile aliyosaini Theodore Roosevelt, akapigwa faini ya dola 500, akakata rufaa. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa ikamwachia. Kisa? Vinyago vyenyewe vilichongwa 1969 au 1970, na sheria ilitaja kitu cha kale bila kusema ukale unaanzia wapi, kwa hiyo majaji wakaona mtu wa kawaida hawezi kujua saa ngapi kavuka mstari.

Mimi kwa majaji sina ugomvi mkubwa, huwezi kumfunga mtu kwa neno ambalo wewe mwenyewe mwenye sheria hujalieleza. Shida ni kilichofuata. Arizona na majimbo mengine yaliyo chini ya mahakama ile yakabaki na sheria isiyo na makali, na kipindi hichohicho bei ya vyungu vya kale vya kusini magharibi mwa Marekani inapanda, watu wanaingia maporini na sururu, na kule New Mexico kwenye vijiji vya kale vya Wamimbres, wenyeji wa asili wa zamani, wengine walikuwa wanapitisha katapila kabisa ili wapate mabakuli yaliyozikwa na wafu. Hata pale sheria ya zamani ilipofanya kazi, mwisho wake ilikuwa dola 500 na siku 90 jela, na bakuli moja zuri lilikuwa linauzwa maelfu.

Ndo ikaja sheria ya kulinda rasilimali za akiolojia, wenyewe wanaiita ARPA, iliyosainiwa na Jimmy Carter tarehe 31 Oktoba 1979. Hii inahusu ardhi za umma za serikali kuu na ardhi za makabila ya wenyeji wa asili. Bila kibali huchimbi, huondoi, huharibu, na pia kununua au kuuza kilichotoka huko ni kosa. Kosa la kwanza ni hadi dola 10,000 na mwaka 1 jela, thamani ya kitu pamoja na gharama za kukarabati eneo zikizidi dola 500 inapanda hadi dola 20,000 na miaka 2, ukirudia ni dola 100,000 na miaka 5. Gari na vifaa ulivyotumia navyo vinaweza kutaifishwa. Hicho kiwango cha thamani cha dola 500 mwanzoni kilikuwa 5,000, wakakishusha 1988 na wakaongeza kwamba hata kujaribu tu ni kosa. Na ule utata wa ukale wakaumaliza kwa namba, kitu lazima kiwe na umri wa miaka 100 au zaidi.

Sasa hebu simama hapo kidogo. Miaka 100. Maana yake vile vinyago vya San Carlos, ambavyo kesi yake ndo ilionyesha pengo la sheria ya zamani, visingelindwa na sheria hii mpya! Walirekebisha maneno, lakini mganga aliyeibiwa wakamwacha palepale alipokuwa.

Pamoja na hayo wanaoitetea ARPA wana hoja nzito na mimi nasimama nao kwa sehemu kubwa. Chungu kikiwa ndani ya udongo kinaongea, unajua kilikuwa tabaka gani, kando ya jiko au kando ya kaburi, kina masalia ya chakula gani, na ukikitoa kwa pupa usiku na tochi unabaki na chombo tu, hadithi yote imemwagika na hakuna wa kuizoa. Ukitaka kuona hali inakuwaje pasipo ulinzi angalia Slack Farm, Kentucky, 1987, ambako wanaume kadhaa walimlipa mwenye ardhi dola 10,000 wakapata ruhusa ya kuchimba, wakaacha mashimo zaidi ya 450 na mifupa ya watu imetapakaa juu ya ardhi kama mabaki ya mavuno. Ile ilikuwa ardhi ya mtu binafsi kwa hiyo ARPA haikufika kirahisi. Na hili ni pengo kubwa mno, kwamba mzee aliyezikwa upande huu wa uzio analindwa na serikali kuu na ndugu yake aliyezikwa mita 10 upande wa pili anategemea sheria za jimbo na utu wa mwenye shamba.

Upande wa pili nao usiupuuze. Juni 2009 FBI na idara ya ardhi za umma walivamia Blanding, mji mdogo kusini mashariki mwa Utah, baada ya kumtumia dalali wa vitu vya kale kama mpelelezi wa siri, anaingia nyumba za watu na kamera iliyofichwa na hela za serikali, akanunua vitu 256 kwa zaidi ya dola 300,000. Watu 24 wakashtakiwa kwa mpigo. Mmoja wao, daktari wa mji, alijiua siku ya pili yake, mshtakiwa mwingine akajiua siku chache baadaye, na mwaka uliofuata yule dalali naye akajiua. Waliohukumiwa karibu wote waliishia kifungo cha nje. Watu wa kule wanasema babu zetu waliokota vitu hivi wakilima, miaka ya 1920 chuo kikuu cha jimbo chenyewe kiliwaajiri wenyeji wakichimbie makumbusho, leo mnakuja na bunduki na fulana za kuzuia risasi kwa kitu mlichotufundisha nyinyi? Na ni kweli hata ARPA inasamehe adhabu zake kwa mtu aliyeokota kichwa cha mshale kilichokaa juu ya ardhi, kwa hiyo kwa mtu wa kawaida mstari kati ya kuokota na kuiba haujakaa wazi kama wanasheria wanavyodhani.

Ila hoja ya babu ina kikomo chake. Baadhi ya vilivyokamatwa vilitoka makaburini, na wale wazee waliokota juu ya babu za watu wengine ambao wajukuu zao wapo, hawajafa, Wahopi na Wazuni na jamaa zao wa pueblo, makabila ya wenyeji wa asili, wanaishi safari ya saa chache tu kwa gari kutoka hapo. Ninachoona mimi ni kwamba serikali ilikosea njia zaidi kuliko ilivyokosea lengo. Ile idara ya ardhi za umma inasimamia ekari kama milioni 245, eneo kubwa kuliko Tanzania nzima, na askari wake ni mamia tu, sasa ukiwa na hali hiyo hela ya kununulia vyungu vya mtego ningeiweka kwenye walinzi wanaotoka kwenye makabila yenyewe, watu wanaojua korongo lipi lina nini.

Kitu kinachoniuma zaidi kwenye ARPA hata hivyo hakiko kwenye adhabu. Kiko kwenye neno rasilimali. Makaburi na mifupa ya watu vimetajwa ndani ya orodha ya rasilimali, sentensi moja na vyungu na vikapu. Kwa maneno ya ARPA kilichochimbwa kwenye ardhi ya umma kinabaki mali ya Marekani (kwa mifupa na vitu vya makaburini hilo lilibadilika 1990). Kwenye ardhi ya kabila mchimbaji lazima apate ridhaa ya kabila, hiyo ni sawa na ni jambo jema, lakini kwenye ardhi ya umma, ambayo nayo ni ya mababu wa haohao kabla hawajaondolewa, mwanaakiolojia akiomba kibali karibu na mahali pao patakatifu kabila linapewa taarifa tu kabla kibali hakijatoka. Taarifa, sio ridhaa. Na mahakamani thamani inapigwa kwa bei ya soko au kwa hesabu ya ingegharimu shilingi ngapi kulichimba eneo kitaalamu, yaani maumivu ya ukoo uliofukuliwa hayana safu yake kwenye karatasi ya hesabu.

Sisi wa Pwani hili hatuhitaji kuelezwa sana. Vigango vya Wagiriama, ile miti iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya wazee wa Gohu, chama chao cha wazee, waliofariki, vimeng'olewa miaka na miaka na kuuzwa, vingi vikaishia makumbusho na nyumba za watu Marekani, na kigango hakihitaji kufikisha miaka 100 ndo kiwe cha mzee, ni cha mzee tangu siku kinasimikwa. Makumbusho ya Denver yalirudisha 30 mwaka 2019, na walifanya hivyo kwa hiari yao, kwa sababu sheria ya Marekani ya kurudisha mifupa na vitu vya ibada, NAGPRA ya 1990, inawahusu wenyeji wa asili wa kwao tu.

Hiyo NAGPRA ndo imeniondolea wasiwasi wangu mkubwa. Wengi walisema huwezi kutunga sheria ya jinai bila namba ya umri, majaji wataitupa tena kama 1974. Lakini hii, ambayo pia inakataza kuviuza, haikuweka umri, imesema kitu kitakatifu ni kile ambacho viongozi wa dini ya asili wanakihitaji kwa ibada ya waumini waliopo leo, na mali ya urithi ni ile ambayo ni ya jamii nzima hivyo mtu mmoja hana uwezo wa kuiuza. Miaka michache baadaye jamaa mwingine, mpenzi mkubwa wa utamaduni wa Wanavajo, kabila jingine la wenyeji wa asili, alinunua vinyago vyao vya ibada vinavyoitwa Yei B'Chei kutoka kwa mjane wa mganga kwa dola 10,000, akataka kuviuza kwa dola 50,000, kumbe mnunuzi ni mtu wa serikali. Akajitetea kwa hoja ileile ya Arizona kwamba maneno ya sheria hayaeleweki, na kusema ukweli alikuwa na pa kushikia maana hata mashahidi wa Kinavajo walitofautiana kama vinyago vile mtu anaweza kuvimiliki binafsi. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ikamkatalia. Kwa ujuzi aliokuwa nao kuhusu Wanavajo alikuwa na onyo la kutosha, na waganga wa kuwauliza walikuwepo.

Kwenye ile kesi ya San Carlos kulikuwa na profesa wa anthropolojia aliyetoa ushahidi kwamba hata kitu kilichotengenezwa jana kinaweza kuwa kitu cha kale kama kinatoka kwenye mila ya dini ya muda mrefu, na majaji wakalichukua jibu lake kama uthibitisho kuwa sheria ina ukungu. Ilichukua miaka 16 Kongresi, yaani bunge la Marekani, kuandika sheria inayofanana na alichosema.