Busara ya kubebwa mzobemzobe

Juzi kijiweni, kwenye kahawa, mzee mmoja ninayemheshimu alinikata kauli: "Mwanangu, Katiba haitaki kelele. Waangalie Wamarekani, walikaa, wakatumia busara, wakakubaliana." Kwa adabu nikanyamaza. Hasira nimezileta huku.

Busara ipi? Septemba 1787, Bunge la Pennsylvania lilipotaka kuitisha mkutano wa kuiridhia ile Katiba, wapinzani walijificha ili akidi isitimie. Kundi la watu likawafuata walikopanga, likawabeba wawili mzobemzobe hadi ukumbini. Wakaomba kutoka, wakakataliwa. Akidi hiyo hapo! (Mwaka 2014 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani hapa Tanzania, walipotoka Bunge Maalum la Katiba, angalau hakuna aliyebebwa kurudishwa Dodoma.)

Mkataba wao wa zamani ulitaka majimbo yote 13 yakubali mabadiliko. Wao wakajiandikia kwamba tisa yanatosha. Rhode Island iligoma hadi Mei 1790, ikatishiwa kukatiwa biashara, ikapitisha kwa kura 34 kwa 32. Watumwa, bila shaka, hakuna aliyewauliza.

Haya, kuna jambo moja nitawapa, kwa shingo upande: Massachusetts. Januari 1788 waungaji mkono walihesabu vichwa wakaona wanaanguka. Wapinzani walikuwa na hoja nzito, kwamba Katiba nzima haina orodha ya haki za raia. Waungaji mkono wangeweza kuwaita vibaraka, kama tunavyojua kuitana. Badala yake wakamfuata gavana John Hancock, aliyekuwa amejilaza kwake na jongo (jongo lenye akili, lilisubiri kujua upepo unavuma wapi). Wakamnong'oneza habari za vyeo. Akabebwa hadi ukumbini, huyu kwa hiari yake, akawasomea wajumbe mapendekezo ya marekebisho: ridhieni sasa, haya tutayadai baadaye. Februari Katiba ikapita, kura 187 kwa 168.

Siasa tupu, najua. Lakini walioshindwa waliondoka na kitu mkononi. Virginia na New York nazo zikaridhia huku zikidai marekebisho, na mwaka 1791 marekebisho 10 yakawa sehemu ya Katiba.

Sisi tuna Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na ilihitaji zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar. Mzee wangu, kesho kahawa nalipa mimi, unijibu hili tu: wale UKAWA waliotoka ukumbini waliahidiwa nini ili warudi?